Shahidi wa Gari la Jafari

Bururi, 19 Januari 2025

Babu yangu Asmani, na Bibi Kulthumu ambaye najua unasomewa hapo pembeni,

Asalaam aleikum. Mimi ni mzima, ila miguu yangu bado haijakubali kwamba Bururi na Rumonge ni nchi moja. Asubuhi maji ya kunawa yanauma kama meno. Mchana tunakula maharage, na jioni maharage yaleyale yanarudi na wali kidogo ili tusiyatambue. Likizo ya Krismasi niliimaliza Gitega kwa mama. Duka lake la vitenge linakwenda, anawasalimu sana, na anasema Bibi asianue nguo juani bila kofia.

Barua hii anaileta Nasoro wa kamyoneti ya ndagala, dagaa wa ziwani. Ikinuka, si kosa langu. Hapa internat, yaani bwenini, bado hawaturuhusu simu, na wewe yako naambiwa unaitumia kama tochi.

Sasa neno lenyewe. Mama amesema mjomba Jafari anachukua mkopo wa gari pale kooperative yako, na wewe utakuwa avaliseur, yaani mdhamini wake. Babu, naomba kitu kimoja tu. Usisaini kabla hujaisoma kontra yote, huo mkataba, hata yale maandishi madogo ya nyuma. Mwalimu wetu wa gestion, somo la hesabu za biashara, Madame Eliana, amesema hayo madogo ndiyo makubwa.

Mjukuu wako,
Fahima


Rumonge, 2 Februari 2025

Kwako Fahima, mwanasheria wa ukoo,

Amahoro. Sisi tu wazima. Ziwa limetulia, mvua ni nyingi, kuku wa Bibi yako wamehamia ndani ya boti nililokuwa nalimalizia na hawataki kutoka. Bibi anasema mvae soksi mbili mbili. Murakoze kwa barua. Ilinuka, lakini tumezoea.

Ilifika Ijumaa. Mimi nilisaini Jumanne.

Usinune. Ungeniona ungefurahi. Nilivaa kanzu nyeupe, ile ya Idi, na kofia ya kudarizi. Wewe unajua mimi ni shahidi wa ndoa arobaini na moja katika mji huu, na ndoa zote zimesimama isipokuwa tatu, na hizo tatu niliwaambia mapema. Basi mtoto wangu wa mwisho anakosa mtu wa kusimama naye? Nilisaini mara nne. Jafari akatununulia fanta sote, hata mlinzi wa mlangoni. Mtu mmoja akapiga vigelegele.

Kontra ni ya Kifaransa, kurasa sita. Ningeisoma mpaka leo.

Gari ni Probox ya kijivu, inang'aa kama samaki mukeke aliyetoka majini sasa hivi. Inakwenda Bujumbura na kurudi kila siku. Tayari imetufaa: shangazi yako Hadjara alikuwa na safari ya kliniki pamoja na wale binti zake wawili, nikamwambia, "Panda kwa Jafari, gari ni letu." Kwenda na kurudi, hakulipa hata faranga. Na mwalimu wa madrasa naye vivyo hivyo. Watu wanatuombea dua njia nzima.

Babu yako,
Asmani


Bururi, 16 Februari 2025

Babu mpendwa,

Salamu nyingi, na pole kwa kuku. Mimi nimekuwa wa tatu katika hesabu. Wa kwanza ni msichana wa Matana ambaye halali, kwa hiyo simhesabu sana.

Babu, sijanuna. Ila nimemuuliza Madame Eliana kisha nikaandika majibu yake yote, nami nakuandikia kama nilivyoelewa.

Shahidi wa ndoa akishasaini hapelekwi kumlishia mtu mke wake. Avaliseur anaweza kuitwa alishe gari. Mkopo ule hauko kwa mjomba peke yake. Umeandikwa katika faili lako pia, tangu siku ile ya fanta. Mjomba akilipa kwa tarehe, majina yenu wote wawili yanapata sifa. Akichelewa, kuchelewa kunaandikwa kwenu wote wawili, hata kama wewe siku hiyo ulikuwa unapigilia misumari yako na hujui lolote. Tena hata akilipa vizuri kabisa, siku utakayoomba mkopo wako mwenyewe watahesabu kwanza ule wa gari kama mzigo ulio mgongoni mwako, ndipo waangalie kama umebaki na nafasi ya kubeba mwingine. Na wakopeshaji huulizana habari za mtu. Ukichafuka kwa mmoja, wa pili anajua.

Nasema haya kwa sababu ya mbao za maboti yako. Kila Mei unakopa za kiangazi, na miaka kumi na tisa hujachelewa hata siku moja. Wewe mwenyewe uliniambia pale kooperative wakiona jina lako hawaulizi la pili.

Kwa hiyo nina maswali manne. Je, unayo nakala ya kontra? Tarehe ya kulipa ni ngapi? Mjomba anakuonyesha karatasi ya malipo kila mwezi? Na mkikubaliana kwamba akikwama akwambie kabla ya tarehe, si baada yake, je, atakwambia?

Naomba unijibu yote manne. Nimeyaandika kwa heshima.

Fahima


Bururi, 6 Aprili 2025

Babu, hii ni fupi. Idi njema iliyopita. Nasoro amepanda huku mara sita bila bahasha yangu. Mko wazima? Bibi ni mzima?

F.


Rumonge, 11 Mei 2025

Kwako Fahima,

Tu wazima sana. Usihesabu safari za Nasoro, yule hata mkewe hazihesabu.

Habari ni tele. Mawese yameshuka bei kidogo huko Kizuka. Maji ya ziwa yamesogea tena, yamefika karibu na banda langu la maboti, nimeyaambia yasimame. Bibi yako amegombana na jirani juu ya kamba ya nguo, wakapatana, sasa wamegombana juu ya namna walivyopatana. Kuku ni tisa.

Tulikuwa na harusi Buyenzi, kule Bujumbura. Wanawake sita wa mtaa huu walikwenda na kurudi kwa gari letu, wamejaa na masinia yao, wanaimba mpaka Minago unawasikia. Mmoja akaniambia, "Mzee Asmani, wewe si mtu, wewe ni barabara." Nilicheka siku mbili. Rafiki yangu Hamidu na mkewe nao niliwatuma kwa Jafari wiki iliyofuata, mkono wa Hamidu unauma na dawa ziko Bujumbura.

Mwaka huu sitanunua mbao. Mgongo unataka kupumzika. Mtu wa miaka sitini na nane si lazima atengeneze boti kila kiangazi.

Soma vizuri. Bibi anauliza zile soksi.

Babu yako


Bururi, 18 Mei 2025

Babu yangu,

Soksi zipo, mwambie Bibi namshukuru.

Nilikuuliza maswali manne. Umenijibu mengi ya kuku na kamba, na yale manne hukuyagusa. Sikulaumu. Ila mgongo wako uliuma mwaka juzi pia, na ulitengeneza maboti matatu ukiwa umefungwa kitambaa cha Bibi kiunoni. Ulikuwa ukisema mbao mpya zinautibu.

Naomba uniambie neno moja, ndiyo au hapana. Wamekunyima?

Fahima


Rumonge, 29 Mei 2025

Fahima,

Salamu. Bibi yako ni mzima. Ndiyo.

Nimekaa siku nne na neno hilo moja, sasa wacha nikuandikie mengine, maana limeshatoka.

Nilikwenda tarehe sita. Kwenye dirisha alikuwa Yasmini, binti wa marehemu Waziri fundi cherehani. Ndoa ya baba yake nilisimamia mimi. Nikamwambia, "Binti, ni Mei, mzee wa mbao amekuja." Akacheka. Akabonyeza, akaacha kucheka. Akageuza ile kompyuta niione, kana kwamba mimi nasoma kompyuta.

"Babu, huku kuna mkopo mwingine."

"Huo ni wa Jafari."

"Ni wa Jafari na wako. Machi ulichelewa siku kumi na mbili. Aprili haujakamilika mpaka leo."

"Mimi? Nimechelewa?"

"Jina ni lako, Babu. Nisamehe."

Nyuma yangu kulikuwa na foleni. Watu nane, na watano kati yao nawajua walikooa. Nikasema kwa sauti, ili wasikie, kwamba nilikuja kusalimia tu. Nikatoka.

Jafari sijamwambia. Atasema nini? Essence, yaani petroli, haipatikani, nalisikia hilo kila mahali, anakaa foleni siku mbili apate lita kumi. Nikimwona anakuja upande huu napita nyuma kwa wauza mihogo. Naye nadhani anapita nyuma upande wake. Juzi tulikutana huko nyuma wote wawili, tukanunua mihogo ambayo hakuna aliyeihitaji.

Banda nimelifunga. Randa na nyundo ziko kwa Hamidu.

Kuhusu mwaka wako wa mwisho, ambao maboti ndiyo yangeulipia, usiwe na shaka. Hapa mjini kuna shule ya kutwa nzuri, utalala nyumbani, utakula samaki. Gestion hawana, lakini elimu ni elimu.

Asmani


Bururi, 8 Juni 2025

Babu yangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Nilipoisoma ile sehemu ya shule ya kutwa nilikunja barua, nikaenda kufua sare ambayo haikuwa chafu. Sasa imekauka, nami naweza kuandika.

Nataka kumaliza hapa, Babu. Sikuwahi kusema kwa sababu hukuwahi kuniuliza; kila Septemba nilikuta minerval, ada ya shule, imelipwa. Nimebakiza mwaka mmoja. Kwa hiyo nimetafuta njia, nami naomba unisikilize kama ungemsikiliza mtu mzima.

Nilizitoa barua zako zote nikazisoma upya nikiwa na kalamu. Shangazi Hadjara na binti zake, watatu. Mwalimu wa madrasa, wanne. Wanawake wa harusi, kumi. Hamidu na mkewe, kumi na wawili. Kwenda na kurudi, ni viti ishirini na vinne. Nauli ni elfu kumi na tano, au imepanda? Kwa bei hiyo ni laki tatu na elfu sitini, na hao ni wale tu walioingia katika barua. Mjomba anatafuta essence siku mbili, kisha anaipeleka Bujumbura kuwabeba watu uliomtumia wewe. Je, anaweza kumkataa mtu aliyetumwa na baba yake, tena baba aliyemsainia?

Nakuandikia hili kwa upendo. Sidhani mjomba amekuangusha. Nadhani mnaangushana, na kila mmoja anamwonea mwenzake haya.

Babu, wewe umenifundisha kwamba ndoa ikigombana, shahidi huitwa akae kati. Hapiti nyuma kwa wauza mihogo. Basi nenda ukakae. Madame Eliana anasema mwanzo ni kulipa kilichochelewa kabla hakijawa kingi zaidi. Pili, mjomba aweke fedha kila wiki, asisubiri mwezi uishe. Tatu, karatasi ya malipo aipitishe kwako kila mara. Na mbele kidogo, akiwa amelipa vizuri muda wa kutosha, muwaombe wakutoe wewe kwenye mkopo na yeye abaki peke yake, karatasi za gari zikiwa dhamana. Inawezekana wakakataa, lakini kuomba si kosa.

Nakuomba pia usimkasirikie Yasmini. Yeye anasoma kilichoandikwa.

Mjukuu wako anayekuogopa kidogo leo,
Fahima


Rumonge, 29 Juni 2025

Kwako Bibi Mkaguzi,

Amahoro. Barua yako nilimsomea Bibi yako kwa sauti. Nilipofika kwenye viti ishirini na vinne nikaanza kuhesabu kwa vidole. Akasema, "Endelea, bado hujafika kwa wale wa Gatete." Nikamuuliza wa Gatete ni akina nani. Akasema ndugu zake wanne, yeye ndiye aliyewatuma. Kwa hiyo hesabu yako ni ya zamani.

Nilimkuta Jafari mahali pa kupakia abiria, amelala ndani ya gari na miguu nje. Nikagonga bati.

"Shikamoo, Baba! Nilikuwa nakuja kwako."

"Ulikuwa unakuja ukiwa umelala?"

Akakaa. Tukatazamana. Nikamwambia, "Jafari, ni wangapi kwa mwezi wanaokwambia Asmani amesema?"

Akaangalia usukani. "Baba, yaliyopita..."

"Wangapi?"

"Kuna siku gari zima, Baba. Kuna mtu wa Nyanza-Lac simjui kabisa, amesema alikusalimia msikitini. Abiria wakisikia ni gari la mzee Asmani, hata wenye hela wanarudisha mkono mfukoni."

"Na wewe hukusema?"

"Ningesema nini? Wewe ulinivalia kanzu."

Fahima, nilicheka mpaka mgongo ukauma kweli, na yeye akacheka huku anafuta macho, tukaonekana wendawazimu wawili.

Kisha tulifanya hivi. Kwa siku kumi nilipanda mimi mwenyewe kiti cha mbele, Rumonge mpaka Bujumbura. Mtu akija, "Mzee Asmani, nasikia gari ni letu," mimi natoa noti zangu mbele yake, namhesabia Jafari, nasema, "Ni letu, ndiyo maana nalipa. Wewe je?" Siku ya kwanza watu walidhani nimeugua. Siku ya tatu mwalimu wa madrasa alilipa mpaka na ile ya Januari, na akanipa na mawaidha juu yake. Hadjara alileta nusu, na nusu nyingine akaileta kwa ndagala. Mtu wa Nyanza-Lac hajaonekana tena. Nadhani amepata babu mwingine.

Essence haijawa nyingi, sikudanganyi. Zile siku kumi, tatu tulizilala foleni. Lakini gari lililojaa walipaji likisafiri mara tatu linazidi lililosafiri mara tano na dua. Tarehe ishirini na tatu tukalipa kilichochelewa chote, na Juni kabla ya siku yake.

Kwa Yasmini nilikwenda bila kanzu, shati tu. Nikamwomba nakala ya kontra, akanipa. Akanieleza bila kunificha: yale ya Machi na Aprili hayafutiki kwa sababu nimeomba vizuri, yatakaa hapo, na malipo mema yatapangwa juu yake, mwezi kwa mwezi. Kamati imekaa. Wamenipa nusu ya nilichokuwa nikipewa. Mbao za boti moja na kidogo. Na tukifika Desemba bila kuchelewa, watalizungumza lile la kunitoa. Hawakuahidi.

Miaka kumi na tisa, halafu nusu. Linauma, sikuambii uongo. Nilikuwa nadhani jina langu ni langu peke yangu.

Lakini boti moja likiuzwa linatosha muhula wa kwanza, na mama yako amesema vitenge vitabeba wa pili. Wa tatu tutauona ukija. Mwaka wa mwisho utaumaliza hukohuko kwenye baridi. Randa nimeichukua kwa Hamidu. Alikuwa ameanza kuiita yake.

Shule ikifungwa shuka upesi, unishikie mbao. Mikono yako ni laini mno kwa mtu anayepanga watu wazima hivyo.

Babu yako,
Asmani


Bururi, 12 Oktoba 2025

Babu na Bibi,

Asalaam aleikum. Nimefika salama, na baridi ilikuwa imenisubiri langoni. Risiti ya minerval nimeibandika ndani ya kifuniko cha daftari. Msichana wa Matana bado halali. Madame Eliana amenitaka niwaeleze darasa habari ya avaliseur. Nilieleza bila majina, ila nilipofika kwa mtu anayelipa nauli kwenye gari lake mwenyewe walicheka wote, na mmoja akauliza kama ana mjukuu wa kiume.

Kidonda cha msumari nilichokipata likizo nikikushikia mbao kimepona. Nalitazama lile kovu dogo nikichoka kusoma. Je, boti limepata mnunuzi? Na Septemba mmelipa tarehe ngapi? Naomba safari hii usinijibu kwa kuku.

Fahima


Rumonge, 9 Novemba 2025

Kwako Fahima,

Amahoro. Boti limeuzwa, kwa mvuvi wa Minago, amelipa lote. Septemba tarehe ishirini na saba, Oktoba tarehe ishirini na sita, zote kabla ya siku yake. Karatasi zote ziko chini ya mto wa Bibi yako, nikitaka kuziona ni lazima nimwamshe. Kuku sikutaji.

Ndani ya bahasha hii utaona kurasa tano za Kifaransa. Ni kontra ya pikipiki. Karimu, mjukuu wa jirani yetu wa kamba ya nguo, kijana mzuri, mwenye adabu, anataka kununua ya kubeba abiria, na amekuja na kofia kichwani kuniomba nisimame naye. Nimempa chai. Nimemwambia mimi ni mtu wa Yasmini mpaka Desemba, na hata baada ya Desemba sitii mkono mahali ambapo sijasoma. Akasema, "Sasa, Babu, nani atakusomea?"

Nimemwambia nina mtu Bururi.

Isome taratibu, mpaka na yale madogo ya nyuma. Uniandikie ni mzigo kiasi gani, na kama ni hapana, uniandikie pia namna nzuri ya kumwambia, maana hilo ndilo sijawahi kujifunza. Usiharakishe kwa ajili yetu. Nasoro anapanda tena Alhamisi, na kalamu nimeiweka juu ya kabati.

Babu yako,
Asmani